Nta Haiogopi Mvua

Nikiri mapema: mara ya kwanza kuisimulia habari hii niliiharibu. Nilianzia pale meno yalipohama, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kila nilipotaka kuendelea kuna aliyedakia na kichekesho chake. Mwisho hatukuufikia. Kwa hiyo leo naanzia panapostahili: kwenye mashine ya kusaga nafaka, asubuhi, siku ya tatu ya safari, mvua inalipiga bati kama ina ugomvi na mwenye nyumba.

Magego alikuwa amekaa juu ya gunia la pumba. Soksi zake alikuwa amezianika kwenye usukani wa baiskeli zikauke, lakini kwa jinsi zilivyokuwa zinachuruzika, zenyewe hazikuwa na mpango huo. Jina la Magego alipewa na wateja, likamganda. Ni fundi wa meno ya bandia. Maishani mwake hajang'oa jino la mtu. Madaktari wanang'oa, yeye anarudisha. Baiskeli yake ya umeme ndiyo aliyokuwa anazungukia nayo zahanati akipeleka meno kwa wenyewe. Sasa ilikuwa imeegemezwa ukutani, waya wa chaja umechomekwa kwenye soketi iliyopauka kwa unga.

"Hivi hii baiskeli yako inakula nini?" aliuliza mama mwenye mashine, mwanamke mnene, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope.

"Umeme, mama."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi nakula mvua. Tangu juzi sijabadilisha mboga."

Mama akacheka, akapangusa mikono kwenye gauni. "Basi subiri ipungue. Huko mlimani jana imenyesha ya mawe, imetoboa watu mabati. Mtu mzima na mvi zako unakimbilia nini?"

"Nampelekea dada yangu meno."

Yule mama alimtazama ili acheke pamoja naye, akaona hacheki. Magego akatoa kopo la plastiki kwenye boksi la nyuma ya baiskeli, akafungua kifuniko. Ndani, katikati ya pamba, kulikuwa na kipande cha plasta, ile jasi inayoganda, chenye umbo la kinywa cha mtu, na juu yake safu ya meno yaliyopangwa kwenye ufizi wa nta ya rangi ya waridi. Mama akainama.

"Yanacheka," alisema taratibu.

"Bado hayajaanza. Yanamsubiri mwenyewe."

"Na ukishamvisha, utajuaje yamemkaa?"

"Namwambia aseme sitini na sita. Meno yakiwa yamekaa vibaya, hiyo sauti inatoka na filimbi."

"Sitini na sita," mama akasema, akajisikiliza. "Sitini na sita. Ya kwangu mazima, Mungu asifiwe."

"Ya kwako hata mimi nayaonea wivu."

Hivyo ndivyo Magego alivyo. Hata akiwa na jiwe kifuani, mdomo wake unaendelea na shughuli zake.

Na jiwe lilikuwepo. Huyo dada anayemzungumzia ndiye aliyemlea, maana mama yao alifariki Magego hajaanza hata kutembea. Dada Mkubwa ndiye aliyemng'oa jino la kwanza la utoto kwa uzi uliofungwa kwenye kitasa cha mlango. Alimwambia, "Nahesabu mpaka tatu," akaubamiza mlango kwenye mbili. Alikuwa mcheshi, na akicheka alicheka na meno yote, kicheko kinavuka ukuta, jirani naye anaanza kucheka bila kujua kisa. Halafu ukaja ugonjwa wa sukari. Meno yakalegea, yakaanza kuaga moja moja. Yalipokwisha ya mbele, kiganja cha Dada kilipanda kikakaa mdomoni, na hakikushuka tena. Akiongea, kiganja. Akicheka, kiganja. Akila, anageukia ukuta.

Binti yake wa pekee alikuwa ameshakwenda ng'ambo kufanya kazi. Alikuwa anapiga simu kila wiki, anabembeleza, "Mama, washa picha nikuone hata kidogo." Dada anajibu, "Sauti inatosha. Sura utaipata nikishapata meno." Mwaka ukapita, na mwingine. Yule binti alikuwa anamsikia mama yake lakini hamwoni, kama redio.

Na kaka wa mtu ni fundi wa meno! Vipimo alishamchukua. Plasta ya kinywa cha Dada ilikaa kwenye rafu ya karakana miezi na miezi, imepitwa na plasta za wateja, kwa sababu mteja akicheleweshewa atakutukana na ndugu akicheleweshewa atakuelewa. Kila akipigiwa simu alikuwa anasema, "Wiki ijayo, Dada." Na Dada anamjibu, "Wiki yako hiyo ina mwaka ndani."

Kisha akapiga Shemeji, mume wa Dada, ambaye si mtu wa maneno mengi. Alisema hospitali wamemrudisha nyumbani. Alisema hawakutaja tarehe ya kwenda tena. Akakohoa, akamalizia, "Anasema umletee meno yake. Anataka mtoto wake amwone."

Magego hakulala usiku ule. Aliyapanga meno kwenye nta. Kuyageuza kuwa plastiki ngumu kunataka kuyapika na kuyasugua, na huo muda hakuwa nao. Meno ya nta hayatafuni hata ndizi. Lakini kwa kuonekana yanatosha: kinywa kinajaa, mashavu yananyanyuka, mtu anarudi kufanana na picha zake za zamani. Asubuhi akaenda stendi, akakuta hakuna basi linaloondoka. Barabara kuu ilikuwa imekatika darajani, magari yamepanga foleni pande zote mbili yanatazamana kama wachumba walionuniana. Waliokuwa wanavuka ni wenye miguu na wenye baiskeli, kupitia daraja la reli. Mkewe akamwambia, "Umri huo, mvua hii, utakufa njiani." Magego akasema, "Nikifa nitakupigia." Akapanda.

Sasa yuko hapa, siku ya tatu, imebaki milima na bonde moja.

"Hilo boksi lako la nyuma linavuja," alisema mama wa mashine. "Ona, maji yamesimama."

Magego akainama. Kweli, maji yalikuwa yamejaa kama kidole kimoja, na pamba upande wa chini imeshaanza kulowa. Akaangalia huku na huku. Chini ya tandiko la baiskeli kuna kisanduku kingine chenye mfuniko na mpira wa kuzuia maji. Humo inakaa betri, na pembeni yake kile kidude cha kontrola kinachogawa umeme kwenda kwenye mota. Akalichomeka kopo kati ya hivyo viwili. Likaingia kama lilipimwa. Akaufunga mfuniko, akaupapasa, mkavu.

"Hapo hata gharika," alisema, akajisikia fundi kweli.

Mama akamfungia maandazi kwenye mfuko, akakataa kushukuriwa. "Nenda. Na huyo dada yako mwambie mwenye mashine kamsalimia, na amesema sitini na sita bila filimbi."

Mvua ilimpokea mlangoni. Haikuwa mvua ya matone. Ilikuwa kama mtu yuko juu anamwaga kwa beseni. Njia ilikuwa tope jekundu, na ile miti ya kando inainama kama inatafuta kitu ilichoangusha. Magego aliinamisha kichwa, mota ikaunguruma, akawa anapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Njia nzima alikuwa anawaza jambo moja, maji. Maji yakiingia kwenye kopo. Pamba ikilowa. Kila baada ya kona alipeleka mkono nyuma akapapasa ule mpira. Mkavu. Akaendelea.

Kwenye kona ya tatu mvua ya mawe ikaanza. Mawe yalikuwa yanagonga kofia yake kwa hasira ya mwalimu. Yalimpiga vidole mpaka akashindwa kuhisi breki. Akashuka, akajibanza chini ya ukingo wa mwamba, akala andazi lililolowa, na hapo ndipo simu ilipoita.

"Uko wapi?" ilikuwa sauti ya Shemeji.

"Naanza mlima mkubwa. Anaendeleaje?"

"Anaulizia. Lakini sasa anauliza kidogo kidogo."

"Mwambie niko mlangoni."

"Nimwambie uongo?"

"Mwambie. Atanitukana, itampa nguvu."

Hakungoja mawe yaishe. Alipanda, akaweka mota kwenye nguvu ya mwisho, kitu ambacho huwa hakifanyi, akailazimisha baiskeli ipande ule mlima bila kupumzika. Mota ikalia. Harufu ya waya wa moto ikamfikia puani, akajiambia ni tope. Betri ikashuka, kijitaa cha kijani kikawa cha njano, cha njano kikawa chekundu. Juu kabisa ya mlima upepo ulitaka kumvua koti la mvua, akalipigania kwa mkono mmoja, mwingine umeshika usukani. Alipoanza kuteremka bondeni kijitaa chekundu kikapepesa mara kadhaa, kikazima.

Baiskeli ya umeme isiyo na umeme ni mzigo wa mtu mbaya. Alikanyaga palipowezekana, akaisukuma pasipowezekana. Bondeni alivuka maji ya magotini ameibeba begani, tandiko limekumbatiwa kifuani kama mtoto, na alikuwa anaongea nalo. "Tulia, tumefika. Tulia." Miguu ilishaacha kuwa yake. Mchana ule ulikuwa na giza la jioni, na alipoona ukuta wa nyumba ya Dada, ule wenye ufa uliozibwa kwa saruji ya rangi tofauti, alilia kidogo, akasingizia mvua.

Shemeji alifungua mlango kabla hajagonga. Walitazamana. Shemeji akamshika bega, akalifinya, akamwachia, na kwa Shemeji hiyo ni hotuba.

Kitanda walikuwa wamekihamishia sebuleni, maana chumbani kunavuja. Kando ya ukuta kulikuwa na beseni, sufuria na kopo la rangi, kila kimoja kinapokea tone lake kwa sauti yake. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Cherehani ya Dada ilikuwa imefunikwa shuka. Na Dada mwenyewe alikuwa kitandani, amekuwa mdogo, mdogo kuliko alivyomwacha, kiganja mdomoni.

"Nani huyo?" aliuliza nyuma ya kiganja. "Chura?"

"Ni mimi, Dada."

"Nimesema chura. Sijakosea."

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Mama alikubeba tumboni, mimi nikakubeba mgongoni, wewe umebebeshwa meno tu unahema hivyo."

"Nilitaka nifike nimechoka unionee huruma."

"Huruma nimewaachia wauguzi." Akavuta pumzi, ikachukua muda kurudi. "Yako wapi?"

"Yako kwenye gari."

Macho yake yalicheka. Magego akatoka barazani ilipo baiskeli. Alipogusa mfuniko wa kisanduku cha betri, mkono wake ukapokewa na joto.

Alijua kabla hajafungua. Fundi anajua. Akatoa kopo, plastiki yake imelainika upande mmoja, kifuniko kina ukungu kwa ndani. Akafungua. Nta ilikuwa imelegea mlimani, ikaganda upya bondeni. Magego ya nyuma yalikuwa yamebaki mahali pake. Ya mbele yalikuwa yamehama: mawili yamelala chali, moja limezama mpaka shingoni, na chonge la kushoto limegeukia pembeni kama mtu aliyesusa harusi.

Hapa ndipo watu wanapochekaga. Na yeye mwenyewe kicheko kilimpanda, kikakatika njiani. Maana kwenye karakana yake, kila siku ya kazi, meno ya nta yanakaa ndani ya bakuli la maji. Wanafunzi wote waliopita kwake aliwafundisha hilo neno kwa neno: nta haiogopi maji, iwekeni kwenye maji, iepusheni na joto. Siku tatu alikuwa amekinga na mvua kitu ambacho mvua isingekifanya lolote. Angeyaacha kwenye boksi linalovuja, yangefika yanaelea, yamepoa, mazima. Hofu ya kaka ilimsahaulisha alichokuwa anakijua kama fundi, na meno alikuwa ameyapeleka mwenyewe, kwa mikono yake, akayalaza pembeni ya kontrola inayochemka.

Akarudi ndani.

"Dada, nipe muda kidogo. Kuna jino moja linajifanya jeuri."

"Moja?"

"Moja na majirani zake."

Dada akacheka nyuma ya kiganja, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, Shemeji akamwinua kidogo. "Nenda," alisema. "Usinitengenezee meno ya mbwa."

Jikoni kulikuwa na jiko la gesi. Kisu chake kidogo cha nta huwa hakimtoki mfukoni. Akakipasha kwenye moto, akayaondoa yale meno ya mbele moja moja, akayapanga kwenye sahani. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi. Akaishika juu ya moto mpaka ikatii. Kisha akaanza upya. Tone la nta, jino, tone la nta. Kidole chake kinaifuata plasta, mgongo wa ufizi wa Dada anaoujua kuliko mtu yeyote duniani.

Kupitia ukutani alikuwa anasikia.

"Niletee mtandio," Dada anasema. "Si huo mweupe. Huo nitavishwa na wengine. Lete wa bluu."

Hatua za Shemeji. Kabati linafunguka. Halafu simu ikalia, na Shemeji anajibu, "Ndiyo mwanangu. Kafika. Anamalizia kidogo." Na Dada, sauti iko chini lakini inasikika: "Mwambie asikate. Mwambie mama yake anajipamba."

Magego akatabasamu peke yake. Meno yalikuwa yameshasimama. Angeweza kuondoka nayo pale pale. Lakini Dada, enzi zake, jino moja la mbele lilikuwa limempanda mwenzake kidogo, upande wa kushoto. Ndilo lililokuwa linafanya kicheko chake kiwe chake. Bila lile, binti atamwona mama mwenye meno mazuri. Pamoja na lile, atamwona mama yake. Akakipasha kisu tena. Akalisogeza jino, akalitazama, akalirudisha, akalisogeza tena kiasi cha unene wa ukucha. Akasafisha nta iliyobaki pembeni. Akayazamisha meno kwenye bakuli la maji baridi yakaze.

Upande wa pili wa ukuta walikuwa wamenyamaza. Anapumzika, aliwaza. Vizuri. Apumzike apate nguvu za kucheka.

Akayatoa kwenye maji, akatikisa, akayaweka kwenye kiganja, akaenda.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda ameshika mkono wa mkewe, anatazama ukutani mahali pasipo na kitu. Mtandio wa bluu ulikuwa kichwani kwa Dada, umefungwa upande upande, kwa mkono wa mwanamume. Na kiganja cha Dada, kile kilichokaa mdomoni miaka yote hiyo, kilikuwa kimeshuka, kimelala juu ya blanketi, vidole wazi. Mdomo wake ulikuwa wazi pia, hauna kitu, na haukuwa unajificha kwa mtu yeyote.

"Amelala?" Magego aliuliza, ingawa alishaona.

Shemeji alitikisa kichwa kukataa. "Hivi sasa tu," alisema. "Alikuwa anakusikiliza jikoni. Alisema, bado anarembesha huyo."

Kwenye stuli, simu ilikuwa imelazwa kifudifudi. Sauti ya binti ilikuwa inatoka chini yake, inakatika na kurudi kwa sababu ya mtandao. "Baba? Huku kwangu nimewasha picha, naona giza tu. Mjomba ameshamaliza?"

Shemeji aliitazama ile simu, asiiguse. Tone likaanguka kwenye beseni, jingine kwenye sufuria.

Magego akapiga magoti. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika kutoka kwenye koti mpaka sakafuni. Akafanya kama anavyofanya kwa kila mteja: kidole gumba kwenye kidevu, cha shahada kikasogeza shavu, meno yakaingia kiubavu kwanza, yakageuzwa, yakapandishwa, yakashikilia. Yalimkaa. Mungu wangu, yalimkaa. Midomo ikajaa, mashavu yakanyanyuka, lile jino la kushoto likampanda mwenzake, na Dada akarudi usoni mwake, yule wa mlangoni, mwenye uzi mkononi.

Magego akasogea karibu, kama fundi anayetaka kusikia kama kuna filimbi.

"Haya, Dada," alisema. "Sema sitini na sita."